Vyeti feki: aliyeleta na aliyepokea

Aprili 28, 2017, katika Chuo Kikuu cha Dodoma, Rais John Magufuli alipokea ripoti ya uhakiki wa vyeti vya watumishi wa umma. Watumishi 9,932 walikuwa wameingia kazini kwa vyeti vya kughushi. Vyeti vingine 1,538 vilikuwa na utata, maana cheti kimoja kilikutwa kwenye faili za watu zaidi ya mmoja. Amri ikatoka palepale: waondoke wenyewe kabla ya Mei 15, la sivyo wapelekwe mahakamani, ambako kosa la kughushi linaweza kumfunga mtu miaka 7. Majina yakachapishwa magazetini.

Wengi walishangilia, na walikuwa na sababu. Kila nafasi iliyokaliwa kwa cheti feki alinyimwa kijana aliyefaulu kwa jasho lake. Ila watu hawa hawakuwa watumishi hewa. Mtumishi hewa ni jina tu kwenye orodha ya mishahara. Hawa waliamka alfajiri wakaenda kazini, wakashika chaki, wakachoma sindano, wakazalisha akina mama. Walipoondoka, zipo zahanati za vijijini zilizopungukiwa mikono siku hiyohiyo.

Hata kosa lenyewe halikuwa la sura moja. Yupo aliyelipa fundi wa mtaani amchapishie cheti cha kidato cha nne ambacho hakukifikia kabisa. Yupo aliyesoma kweli, akafeli, akabadilisha alama. Na yupo aliyechukua cheti cha ndugu yake, akaajiriwa kwa jina la ndugu huyo. Huyu wa mwisho ndiye anayenisumbua zaidi. Nyumbani anaitwa jina moja, kazini jingine. Mshahara, mkopo wa benki na michango ya hifadhi ya jamii vyote viko kwa jina lisilo lake. Akifa, mjane atasimama mbele ya mfuko kudai mirathi ya mtu ambaye kwa karatasi hakuwa mumewe. Wote hao watatu wametenda kosa, na sisemi wabaki kazini. Nasema kila mmoja asikilizwe kwa kosa lake, kwa sababu orodha inayotolewa kwa mkupuo hukosea. Hata mwaka ule wapo waliokata rufaa na kurudishwa kazini baada ya kubainika kuwa majina yao yaliingizwa kimakosa.

Kwa mwajiri wa sekta binafsi, sheria imeshachora njia. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataka mambo mawili kabla ya kumwachisha mtu kazi: sababu halali na utaratibu wa haki. Kanuni za mwaka 2007 zinaeleza utaratibu huo. Uchunguzi ufanyike kwanza, na hapo majibu ya maandishi kutoka Baraza la Mitihani, NECTA, ndiyo ushahidi, si minong'ono ya ofisini. Mhusika aandikiwe tuhuma, apewe muda wa kujiandaa ambao kwa kawaida haupungui saa 48, aje kwenye kikao na mwenzake wa kumsaidia kujitetea. Mwajiri anayeruka hatua hizi, hata kama cheti ni feki waziwazi, anaweza kujikuta analipa fidia mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Nao mshahara wa siku alizokwisha kufanya kazi ni haki ya mfanyakazi.

Kenya wamechukua njia kali zaidi. Februari 2024 Tume ya Utumishi wa Umma ilitangaza vyeti feki 2,067, na Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi, EACC, inawafungulia wahusika kesi za kurudisha mishahara yote waliyopokea. Aliyenunua shahada ili akalie kiti cha ukurugenzi, naafiki arudishe. Mhudumu wa wodi aliyefagia damu miaka 15 akidaiwa kila shilingi, mbona wagonjwa aliowahudumia hawakuwa feki? Tanzania ilifika kwenye jibu la kati mwaka 2022, Serikali ilipoamua kuwarudishia walioondolewa michango yao wenyewe iliyokatwa kwenye mishahara.

Kinachobaki kuniudhi ni upande wa pili wa meza. Cheti hakijipeleki kwenye faili. Kuna afisa utumishi aliyepokea kivuli bila kudai cheti halisi, kuna aliyegonga muhuri wa nakala halisi bila kuiona, na wapo waliojua wakala pesa wakanyamaza. Orodha ya Dodoma haikuwahesabu.

Sheria ileile ya 2004 inampa mwajiri nafasi ambayo wengi hawaitumii: kinga dhidi ya kuachishwa isivyo haki haimhusu mfanyakazi ambaye hajatimiza miezi 6 kazini. Ndani ya miezi hiyo namba ya mtihani ipelekwe NECTA, jibu liwekwe kwenye faili, na afisa aliyelipokea aandike jina lake na kusaini.