Ndai ya Mbio Iliuza Jina la Japani Huku Kwetu

Kama umelelewa Embu ama Meru, lazima umeskia wabuyu wakipiga stori za Safari Rali za kitambo. Miaka ya sabini mbio zilikuwa zinaangukia Pasaka, masika imeshika, na njia inazunguka Mlima Kenya ikipitia huku. Barabara ya zamani ya Embu kwenda Meru haikuwa mchezo, manze. Kona juu ya kona, unashuka mtoni, daraja jembamba, unapanda tena, na udongo mwekundu ukinyeshewa unateleza kama sabuni. Mtaa mzima unatoka kusimama kando ya njia.

Hapo ndio Japani ilichumia jina. Sai kila msee anaapa ndai ya Japani haifi, lakini haikuwanga hivyo. Nissan ilikam Safari 1963 na Bluebird na Cedric, ikatoka mikono mitupu. Mwaka huo gari 84 zilitoka, zikamaliza 7 pekee. Hawakuhepa. Walirudi, wakarudi tena, mpaka 1970 Edgar Herrmann akashinda na Datsun 1600 SSS, Datsun ikiwa chapa ya Nissan. 1971 wakashusha chuma yenyewe: 240Z, nyekundu, boneti ndefu nyeusi, silinda 6, lita 2.4. Herrmann wa kwanza, Shekhar Mehta wa pili, wote ndani ya 240Z. 1973 Mehta akaibeba yeye.

Sasa, ni hiyo mashine ndio ilibadilisha jina la nchi nzima? Nusu tu. Mwalimu wa Chuka hakuwa na doh ya 240Z. Alichoona ni ndai ya Datsun imetapakaa matope, imegongwa, na bado inawaka. Akaenda kununua Datsun ya kubeba familia. Na cheki, Mehta alishinda tena 1979 mpaka 1982, miaka 4 mfululizo, na Violet. Hiyo ilitokana na saluni ya kawaida kabisa. Sifa ya mbio na gari la dukani zilikuwa za nyumba moja.

Enda Maua kule Meru leo uone hiyo imani ikifanya kazi. Miraa imefungwa kwa majani ya migomba, imepangwa nyuma ya Hilux mpaka juu, na dere anajua ikikauka imekufa soko. Hawezi wekea hiyo mali kwa gari asiloliamini. Ndio maana naheshimu hao madere na mafundi wao kuliko tangazo lolote.

Na magari ya kuundwa kwetu je? Rais Moi aliambia Chuo Kikuu cha Nairobi waunde gari, 1990 Nyayo Pioneer zikaonyeshwa Kasarani, alafu doh ya kuzitengeneza kwa wingi haikupatikana. Kampuni ya Mobius walijaribu na gari la barabara mbovu, lakini bei ilikuwa inashindana na Toyota ya mtumba yenye jina lishapimwa, na 2024 wakatangaza kufunga. Inaniuma, ju akili ya kuunda tuko nayo.

Kwa hivyo wenye mnapanga gari la Kenya, msianze na urembo wa ukumbini. Leteni huku Embu na Meru masika ikishika, mpatie madere wa miraa waitese mbele ya watu wote, na ikivunjika mrudi nayo mwaka ujao.