Utangulizi: Ombi la Faili na Daftari Lake

Tarehe 16 Februari 1978, mjini Chicago, Ward Christensen na Randy Suess walifungua kompyuta iliyopokea simu, ikahifadhi ujumbe wa aliyepiga na kumwonyesha atakayepiga baada yake. Waliiita CBBS, na wanahistoria wengi huihesabu kuwa ubao wa kwanza wa matangazo wa kompyuta uliokuwa wazi kwa umma. Masimulizi mengi kuhusu mbao hizi huanzia hapo, kisha hufuata ujumbe: nani aliandika nini, mabishano gani yalizuka, urafiki gani ulianza. Mimi nakukaribisha uingie kwa mlango mwingine. Tutafuata mafaili, na hasa tutafuata programu ndogo ambazo wasimamizi wa mbao walizipanga ili zipokee maombi ya mafaili, ziyapime, ziyajibu na kuyaandika.

Huu ni uwanja mpana wenye watu wachache. Mafaili yenyewe yamehifadhiwa kwa wingi: Jason Scott amekusanya maelfu ya maandishi ya enzi hiyo kwenye textfiles.com, na mwaka 2005 akatoa filamu ya mahojiano na watu walioendesha mbao hizo. Kilichoachwa nyuma ni madaftari ya maombi, yaani mistari iliyoandikwa na kompyuta usiku watu wakiwa wamelala, ikionyesha nani aliomba nini, akapewa au akanyimwa. Mtu aliyepata diski kuu ya zamani alinakili michezo na picha, akaona faili la kumbukumbu halina maana, akalifuta. Kwangu mimi hiyo ni hasara kubwa. Orodha ya mafaili inaonyesha alichokuwa nacho msimamizi. Daftari la maombi linaonyesha watu walikuwa na haja na nini hata wakakubali kukilipia, kwa sababu aliyeomba ndiye aliyepiga simu, na aliyepiga simu ndiye aliyelipa bili.

Hebu tupige hesabu ya gharama hiyo. Diski laini ya kawaida ya miaka ya 1980 ilibeba kilobaiti 360. Modemu ya biti 2,400 kwa sekunde, ikitumia biti kumi kwa kila herufi, hupitisha baiti 240 kwa sekunde. Diski hiyo moja basi inahitaji sekunde 1,536, karibu dakika 26, bila kuhesabu makosa ya laini na muda wa kupeana salamu. Kwa modemu ya biti 14,400 kazi hiyo hiyo inashuka hadi dakika nne na kidogo. Dakika 26 za simu kutoka mji mmoja hadi mwingine, au kutoka bara hadi bara, zilikuwa fedha za kuuma. Mtu hakuomba faili kwa kujaribu bahati. Hapo ndipo ombi linapotofautiana na kubofya kwa leo, na ndiyo maana naliamini kama ushahidi.

Mtandao ambamo maombi haya yaliota mizizi ni FidoNet. Tom Jennings wa San Francisco aliuanzisha mwaka 1984, na mwenzake wa kwanza katika kubadilishana barua alikuwa John Madill wa Baltimore. Wazo lilikuwa rahisi: kompyuta yenye ubao ipige simu yenyewe usiku, bei zikiwa chini, ipeleke na kuchukua barua, kisha ikate. Kufikia katikati ya miaka ya 1990 orodha ya nodi zake, yaani kompyuta zilizojiunga, ilipita 30,000. Kila nodi ilikuwa na anwani ya tarakimu: zoni, kisha neti, kisha nodi yenyewe. Amerika Kaskazini ilikuwa zoni ya 1, Ulaya ya 2, Afrika ya 5. Kila zoni ilikuwa na saa yake ya barua, ambapo nodi zote zilipaswa kuwa hewani na laini kuachwa kwa barua peke yake. Kwa zoni ya 1 ilikuwa kati ya saa 09:00 na 10:00 kwa saa za UTC. Shika jambo hili la saa. Programu ya maombi iliyopangwa vibaya iliweza kuanza kutuma faili kubwa ndani ya saa hiyo na kuwafungia wengine mlango.

Sasa tusogee karibu tuone ombi linavyokwenda. Njia ya mwanzo iliyoenea ilitoka kwenye SEAdog, programu ya barua ya Thom Henderson, na ilijulikana kwa jina la Bark. Baadaye ilikuja njia ya WaZOO, iliyotumiwa na programu kama Opus na BinkleyTerm, nayo ndiyo itakayotushughulisha zaidi. Katika WaZOO, anayeomba hutengeneza faili dogo la maandishi ambalo jina lake ni anwani ya nodi inayoombwa, ikiandikwa kwa tarakimu za msingi wa kumi na sita. Tuseme unaomba kwa neti ya 104, nodi ya 501. Namba 104 inakuwa 0068, namba 501 inakuwa 01F5, na faili lako linaitwa 006801F5.REQ. Ndani yake kila mstari ni jina la faili moja unalolitaka. Ukitaka linalolindwa, unaongeza alama ya mshangao na neno la siri. Ukitaka faili pale tu lilipobadilishwa baada ya siku fulani, unaongeza alama ya kujumlisha na muda kwa sekunde. Basi. Kompyuta yako inapiga, mbili hizo zinasalimiana, faili hilo dogo linavuka, na upande wa pili unaanza kujibu kabla simu haijakatwa.

Hapo programu ya barua hukabidhi kazi kwa programu saidizi. Kwa miaka kadhaa kila programu ya barua ilikuwa na namna yake ya kukabidhi, na waandishi wa programu saidizi walipata taabu ya kuzifuata zote. Katika miaka ya 1990 Mirko Mucko alipendekeza utaratibu mmoja, SRIF, ambao naupenda kwa wepesi wake. Programu ya barua huandika faili la maandishi lenye mistari michache: jina la msimamizi anayeomba, anwani yake, kasi ya modemu, muda uliobaki, kama simu hii imelindwa kwa neno la siri au la, na kama nodi hiyo imo kwenye orodha rasmi. Mistari mingine miwili hutaja mahali: lilipo faili la maombi, na pa kuandika majibu. Programu saidizi hupewa njia ya faili hilo, ikasoma, ikaamua, ikaandika majibu, ikatoka. Katika majibu, kila faili la kutumwa hutanguliwa na alama. Alama ya kujumlisha inasema litume uliache lilivyo; alama ya sawasawa inasema ulifute likishafika salama; ya kutoa inasema ulifute kwa vyovyote. Kwa hiyo msimamizi aliyekosea alama moja alipoteza faili lake baada ya kulitoa mara ya kwanza tu.

Maamuzi yenyewe ndiyo moyo wa jambo. Laini ilikuwa moja, na nodi moja ikiishikilia kwa nusu saa wengine wote husikia mlio wa laini yenye shughuli. Msimamizi aliketi akaweka mipaka: mafaili mangapi kwa simu moja, baiti ngapi, dakika ngapi, na mara ngapi kwa siku kwa anwani ile ile. Wengi waliwawekea wenye modemu za polepole mipaka mikali zaidi. Kuna waliowapa wasiomo kwenye orodha faili la maelezo tu, na kuna waliowapa kila kitu. Hakuna aliyewalazimisha, na hizo ndizo siasa za ugawaji zilizoandikwa kwa namba katika faili la mipangilio. Ukipata mipangilio ya mbao mbili za mji mmoja, ukaiweka ubavu kwa ubavu, utaona tabia mbili za watu ambao huenda hawakuwahi kubishana hata siku moja.

Majina maalumu nayo yanastahili kutazamwa. Orodha ya nodi ilitolewa kila wiki, na faili lake lilibeba namba ya siku ya mwaka, hivyo jina lilibadilika daima. Msimamizi aliandika kwenye jedwali kwamba anayeomba NODEDIFF apewe mabadiliko ya karibuni, namba yoyote itakavyokuwa. Kwa desturi FILES ilileta orodha nzima ya mafaili, na ABOUT ikaleta maelezo ya ubao wenyewe. Mgeni aliyeanza na majina hayo mawili alikuwa anabisha hodi. Katika daftari lililopangwa vizuri unaweza kumfuata: simu ya kwanza FILES, siku chache baadaye faili moja dogo, kisha labda mazoea ya kila wiki.

Afrika Mashariki imo katika habari hii. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 kituo cha mazingira cha ELCI jijini Nairobi kiliendesha mfumo wa Fido uliobadilishana barua na GreenNet ya London, na mashirika yasiyo ya kiserikali yakapata barua pepe kabla ya intaneti kufika mezani mwao. Teknolojia hiyo hiyo ya kuhifadhi na kupeleka ilifaa kwa sababu ilivumilia laini mbovu na haikudai kompyuta ziwe zimeunganishwa wakati wote. Kwa simu ya Nairobi na London, ile hesabu ya dakika 26 ina uzito mwingine kabisa. Natamani sana mwanafunzi wa Kenya, Tanzania au Uganda aende kuuliza katika ofisi na vyuo vilivyotumia mifumo ya namna hii kama kuna diski zilizobaki kabatini, na aende mapema, kwa kuwa diski laini hazidumu.

Njia bora ya kujifunza kusoma madaftari haya ni kuunda lako. Huhitaji modemu wala laini ya simu. Programu ya binkd, ambayo ni huru na hufanya kazi kwenye Linux na Windows, husafirisha barua za Fido juu ya intaneti kupitia mlango wa 24554, na bado inaelewa SRIF. Weka nakala mbili kwenye kompyuta yako, kila moja na mlango wake, uzipe anwani za zoni isiyotumiwa na FidoNet, na uzifanye zipigiane. Katika mipangilio ya nakala inayojibu, ongeza mstari unaosema kila faili linaloishia na .req lipelekwe kwenye programu yako. Programu hiyo uiandike mwenyewe kwa lugha yoyote unayoimudu. Ukurasa mmoja wa msimbo unatosha.

Kuwa mwangalifu na mambo matatu tangu mstari wa kwanza. Ombi likija na alama za kupanda saraka, kata sehemu hiyo ubaki na jina tupu, ama sivyo mgeni ataomba faili la nywila zako. Ombi la nyota kwa nyota (*.*) ni ombi la kabati zima, kwa hiyo mipaka ihesabiwe kabla ya kutuma, si baada. Na andika daftari lako kabla ya kukabidhi majibu, kwa kuwa simu ikikatika katikati bado unataka kujua kilichoombwa. Mstari wangu huwa na tarehe kamili ya tarakimu nne za mwaka, saa pamoja na zoni ya saa, anwani, jina lililoombwa kama lilivyoandikwa, faili lililopatikana, ukubwa wake, na uamuzi pamoja na sababu yake.

Nasisitiza tarehe na saa kwa sababu ndipo watafiti wanapoangukia. Madaftari ya zamani mara nyingi yana mwaka wa tarakimu mbili na saa ya mezani pa msimamizi bila kutaja zoni. Saa ya kompyuta ikipotea kwa siku tano, kila simu ndani yake imepotea siku tano. Tiba iliyopo ni kutafuta tukio linalojulikana: orodha ya nodi hutoka Ijumaa, namba yake ni ya siku hiyo, na maombi ya NODEDIFF huongezeka mara baada yake. Ukiliona wimbi hilo daftarini, unaweza kuirekebisha saa ya mtu usiyemfahamu, kutoka umbali wa miaka thelathini.

Madaftari haya yana majina na anwani za watu walio hai. Waliomba faili kwa jirani, hawakuomba kuchapishwa. Kabla ya kuonyesha daftari darasani, badilisha anwani kwa namba za bandia, na jedwali la kuziunganisha lifungiwe.

Zoezi la kwanza ni dogo. Fanya nakala yako moja iombe kwa nyingine faili ambalo halipo, kisha fungua daftari. Ombi lililokosa jibu ndilo linalotuambia watu walikuwa wamepungukiwa na nini, na programu iliyoandikwa kwa haraka huandika tu yaliyotumwa. Kama mstari haupo, rudi kwenye msimbo wako uuongeze, kisha uombe tena.