Kapteni Mbaye Diagne, Mwokozi Asiyekuwa na Silaha

Vijana wengi wapendao khabari za vita hudhani kuwa shujaa ni yule aliyeua wengi. Basi na wasikilize khabari za askari huyu, ambaye sifa yake yote ni kuokoa.

Mbaye Diagne alizaliwa tarehe 18 Machi, 1958 huko Coki, nchini Senegal, mji unaosifika kwa vyuo vya Qur'ani. Alisoma Chuo Kikuu cha Dakar, kisha akawa afisa wa jeshi. Mwaka 1993 alipelekwa Rwanda, nchi iliyokuwa imeingia vitani tangu 1990, awe mwangalizi wa amani. Naye mwangalizi hachukui silaha.

Usiku wa tarehe 6 Aprili, 1994 ndege ya Rais Habyarimana ilitunguliwa, na mauaji ya Watutsi yakaanza. Siku ya pili yake askari walimwua Waziri Mkuu, Bibi Agathe Uwilingiyimana. Watoto wake walikuwa wamefichwa nyumba ya jirani. Kapteni Diagne aliwapakia garini, akawafunika nguo, akawafikisha salama katika Hoteli ya Mille Collines.

Tangu hapo hakutulia. Askari wa Umoja wa Mataifa walikuwa wameamriwa wasijiingize, yeye alikwenda. Kila safari alichukua watu wachache, akavipita vizuizi vya wauaji kwa maneno laini, mzaha na sigara. Mkuu wake, Jenerali Dallaire, alijua, wala hakumkataza. Waliosalimika kwa sababu yake ni mamia, na wengi wao hawakuwa wa dini yake wala wa nchi yake.

Tarehe 31 Mei, 1994, zikiwa zimebaki siku 12 arejee kwa mkewe na watoto wake, kombora lilianguka karibu na gari lake kizuizini Kigali, akafariki dunia.

Senegal ilimtunukia Nishani ya Taifa ya Simba mwaka 2005, na Rwanda ikamtunukia nishani ya Umurinzi mwaka 2010. Mwaka 2014 Baraza la Usalama liliweka nishani ya ushujaa yenye jina lake.

Enyi wazazi, mnapowasomesha watoto Suratul-Maida, aya ya 32, juu ya thamani ya kuokoa nafsi moja, watajieni mtu huyu. Siku ya fitina kila mtu hutafuta udhuru. Yeye alikuwa nao, tena wa amri ya wakubwa, asiutumie. Mwenyezi Mungu amrehemu. Amin.