Kompyuta ya Bei Nafuu: Tupime Kabla ya Kununua

Wahenga walisema kwamba rahisi ghali. Yafaa kila familia inayotaka kumnunulia mtoto kompyuta iukumbuke usemi huo, kwani bei ya dukani ni sehemu tu ya gharama yake.

Tutazame kwanza mfano wa Uingereza. Mwezi wa Aprili mwaka 1982, kampuni ya Clive Sinclair ilitoa kompyuta ndogo iitwayo ZX Spectrum. Ile yenye kumbukumbu ya kilobaiti 16 iliuzwa kwa pauni 125. Ilikuwa nafuu kwa sababu iliazima vyombo vilivyokuwamo tayari sebuleni: televisheni ilikuwa kioo chake, na kinasa sauti cha kaseti kilitunza programu zake. Mamilioni waliinunua, na vijana wengi walijifunzia humo kuandika programu. Lakini chombo hicho kingefaa nini katika nyumba ya Kigali mwaka ule? Televisheni ya Rwanda ilianza kutangaza mwaka 1992. Kilichokuwa nafuu kwa wenzetu kingekuwa mzigo kwetu.

Kompyuta iliyowafikia watoto wa Rwanda kwa wingi ilikuwa nyingine. Mwaka 2005, Nicholas Negroponte wa Marekani alitangaza azma ya kuwatengenezea watoto wa shule kompyuta ya dola 100. Zilipoanza kutoka kiwandani mwaka 2007, bei ilikuwa imekaribia dola 190. Hata hivyo, kompyuta hiyo, iliyoitwa XO, iliundwa kwa ajili ya mazingira magumu: vitufe vyake vya mpira vilizuia vumbi na maji, kioo chake kilisomeka juani, na umeme ilioutumia ulikuwa mdogo. Rwanda iliipokea mwaka 2008, na Shule ya Msingi ya Kagugu, hapa Kigali, ilikuwa miongoni mwa zile za mwanzo. Hatimaye ziligawiwa zaidi ya 200,000 nchini.

Ndani yake mlikuwa na programu ya kobe, wazo lililotokana na kazi ya Seymour Papert, mtaalamu aliyezaliwa Pretoria mwaka 1928. Mtoto humwamuru kobe kama askari wa gwaride: mbele hatua 100, kulia geuka nyuzi 90. Amri hizo zikirudiwa mara 4, mraba umekamilika. Akitaka pembetatu yenye pande sawa, hana budi kugundua kwamba kobe sasa ageuke nyuzi 120. Hapo mtoto ndiye kamanda, na akikosea huliona kosa lake papo hapo, akalisahihisha bila kuaibishwa na mtu.

Kilichosumbua ni mahitaji yaliyokizunguka chombo. Shule nyingi za vijijini hazikuwa na umeme. Walimu walihitaji mafunzo. Katika shule kadha kompyuta zilibaki zimefungiwa, ingawa waasisi wa mpango walikusudia mtoto aende nayo nyumbani. Kompyuta isiyo na chaji wala mwelekezaji haizidi kibao cha kuandikia.

Basi, wazazi, kabla ya kutoa fedha ya mshahara tujiulize. Je, betri yake bado yatunza moto, na nyingine yapatikana? Yuko fundi wa karibu awezaye kuitengeneza? Programu zake zafanya kazi pasipo intaneti? Familia ya askari, ambayo leo i hapa na kesho yapewa uhamisho, haina budi kuuliza pia kama itaweza kuitumia huko iendako. Na swali kubwa: nani atakaa na mtoto walau nusu saa kila jioni?

Kompyuta kuukuu ambayo mtoto huiamuru kila siku ina thamani kuliko mpya iliyofunikwa kitambaa cha kufuma sebuleni, ikingojea wageni waje kuitazama.