Chui mweusi katumwa na nani?

Mwaka 2019 picha za chui mweusi tii wa Laikipia, kule Kenya, zilizagaa dunia nzima. Mwingereza Will Burrard-Lucas alitega kamera porini usiku, mnyama akipita inajipiga yenyewe. Si mchezo! Lakini ukizitoa kijiweni hapa Bariadi, washkaji wanakuja juu: eti za kutengeneza, na kama yupo basi katumwa na mganga.

Ebo! Huyo ni chui huyuhuyu wa siku zote, weusi tu umemzidi kwenye ngozi. Akikaa juani madoa yake unayaona, yamezama humo humo. Baba na mama wanaweza kuwa wa madoa kama kawa, ila wote wawili wakibeba asili hiyo kwenye damu, mtoto anaweza kutoka mkaa. Kule Malaysia wamejaa tele. Afrika ndiyo wa kubahatisha.

Sasa hili la mganga mimi silichekei. Huku Usukumani bibi zetu wameuawa kisa macho mekundu, kumbe ni moshi wa jikoni. Sembuse mnyama! Pori la Akiba Maswa liko hapo nyuma yetu, chui wamo. Mchungaji akikutana na mweusi jioni huku anaamini ni uchawi, hapo ni mishale tu, hakuna mjadala.

Mbuzi kaliwa? Nenda kwa mtendaji wa kijiji. Kifuta jasho kipo kisheria, kidogo kweli, lakini hakiangalii rangi ya chui.