Mwani wetu na mapishi ya Kijapani

Wadau, hapa Gombani mwani ukitajwa tu hakosi wa kusema: "Ule Wajapani wanaula." Wanakula mwani kweli, lakini si huu wetu. Wao wana nori, unaokaushwa kama karatasi wakafungia wali, na kombu, ambao ndio msingi wa mapishi yao. Kombu unalowekwa, unapashwa moto taratibu, unatolewa kabla maji hayajachemka. Kisha anatiwa samaki wa jamii ya jodari, aliyekaushwa kwa moshi na kukwanguliwa mwembamba. Wanachuja, basi! Hiyo ndiyo dashi, supu bila nazi wala bizari. Ladha yake Profesa Kikunae Ikeda aliiita umami mwaka 1908.

Sisi tunalima spinosamu na kotonii, kilimo kilichoanza Zanzibar mwaka 1989. Unauzwa mkavu, huko nje unatolewa karajinani ya kuzitisha aiskrimu na dawa ya meno. Mama anashinda majini, bei anapangiwa na mnunuzi. Jamani!

Lakini kotonii ukiuosha chumvi yote, ukauchemsha sana na kuuchuja, maji yakipoa yanaganda, kama kanten ya Wajapani. Tia sukari, iliki na tui. Mimi naona tuanzie hapo, sushi baadaye. Wa Wete na Micheweni, nani kashajaribu?