Neno "Haiwezekani" Katika Tathmini ya Mazingira: Mfano wa Kambi ya Fort Ord

Kanuni za tathmini na ukaguzi wa mazingira zilizotolewa Tanzania mwaka 2005, chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, zataka kila taarifa ya athari kwa mazingira iambatane na muhtasari usio wa kitaalamu, ulioandikwa kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Kwa wakazi walio wengi wa mahali panapokusudiwa kujengwa, muhtasari huo wa Kiswahili ndio taarifa yenyewe. Mabuku mazito yaliyobaki hawatayafungua, na hata wakiyafungua hayatawafaa. Kwa hiyo istilahi za tathmini si jambo la wanasheria na wahandisi peke yao. Zatuhusu na sisi tuchunguzao lugha.

Miaka michache iliyopita jamaa mmoja aliyeajiriwa katika kazi hiyo aliniomba nipitie lugha ya muhtasari wa namna hii. Sarufi yake ilikuwa safi, wala sikuwa na mengi ya kusahihisha. Lakini kila ilipotajwa hatua ambayo ingegharimu fedha, niliona sentensi moja ikirudi: "Hatua hii haiwezekani." Haiwezekani kwa nani? Muhtasari haukusema, na mimi, kwa kuwa niliitwa kusahihisha lugha tu, sikuuliza. Naona sasa kwamba swali lile lilikuwa la lugha, na kwamba ilinipasa kuliuliza.

Ili kulieleza jambo hili nimechagua mfano wa mbali, yaani kambi ya zamani ya jeshi la Marekani iliyogeuzwa kuwa mahali pa elimu na utafiti. Sababu ya kwenda mbali kiasi hicho ni moja: huko, ubishi juu ya maana ya kuwezekana na juu ya mipaka ya mazingira ulifika hadi Mahakama ya Juu ya jimbo, ukaamuliwa kwa maandishi. Ni mara chache mwanaisimu hupata maneno yaliyopimwa kwa makini namna hiyo na watu wasio wanaisimu.

Fort Ord iko katika pwani ya Ghuba ya Monterey, jimbo la California. Jeshi lilianza kuitumia ardhi hiyo mwaka 1917 kwa mazoezi ya mizinga, na baadaye ikawa mojawapo ya kambi kubwa za kufunzia askari wa miguu, yenye eneo la eka 28,000 hivi. Kambi ilifungwa Septemba 1994. Chuo Kikuu cha Jimbo la California kikapewa sehemu ya ardhi ili kianzishe tawi jipya. Wanafunzi wa kwanza wakaingia mwaka 1995, na Septemba ya mwaka huo Rais Clinton akaenda mwenyewe kwenye uzinduzi. Chuo Kikuu cha California (majina yakaribiana, lakini hivi ni vyuo viwili mbalimbali) kilipewa eka 1,100 hivi kwa ajili ya kituo cha elimu, sayansi na teknolojia, na zaidi ya nusu ya ardhi hiyo ikatengwa iwe hifadhi ya asili ya kufanyia utafiti.

Jeshi likihama haliiachi ardhi kama lilivyoikuta. Tangu mwaka 1990, kabla kambi haijafungwa, Fort Ord ilikwisha kuandikwa katika orodha ya serikali kuu ya mahali palipochafuliwa mno. Viyeyusho vya kusafishia mitambo, kama triklorethilini, vilikuwa vimezama hadi kwenye maji yaliyo chini ya ardhi. Majengo ya askari yalikuwa na asbesto, na rangi yake ilichanganywa na madini ya risasi. Katika viwanja vya shabaha, makombora yaliyokataa kulipuka yalilala chini ya vichaka. Na hapa pana ajabu yake. Kwa kuwa raia walikatazwa kuingia huko kwa miaka mingi, vichaka vile vilisalimika, pamoja na mimea na wadudu ambao kwingineko pwani walikuwa wamepungua sana, akiwamo kipepeo mdogo wa buluu aitwaye kwa jina la Smith. Ili kuyafikia makombora, vichaka huchomwa moto. Vichaka vyenyewe huhitaji moto mara kwa mara ili vizae upya. Lakini moshi wake huwafikia watu wa miji ya jirani. Jambo lililo dawa kwa mmea ni madhara kwa kifua cha mtu. Msomaji aone kutokana na mfano huu jinsi isivyo rahisi kusema kwa neno moja kwamba tendo fulani "lapunguza athari". Mwaka 2012 Rais Obama alitangaza zaidi ya eka 14,000 za kambi hiyo kuwa eneo la kumbukumbu ya taifa.

Tathmini zenyewe zilifanywa kwa daraja. Sheria ya taifa ya sera ya mazingira, iliyotiwa sahihi tarehe 1 Januari 1970, ililipasa jeshi kueleza athari za kuitoa ardhi hiyo mikononi mwake, na taarifa yake ilikamilika mwaka 1993. Sheria ya jimbo, iliyotungwa mwaka huo huo wa 1970, iliwapasa watakaoipokea ardhi kueleza athari za watakayoyajenga. Jimbo liliunda Mamlaka ya Matumizi Mapya ya Fort Ord mwaka 1994, ambayo ilipitisha mpango wa eneo zima mwaka 1997. Mwaka uliofuata Bodi ya Wadhamini ya chuo ilithibitisha ripoti yake yenyewe. Ripoti hiyo ilikusudia chuo kikue hadi kufikia wanafunzi 25,000, yaani mji kamili.

Ripoti ilikiri kwamba ukuaji huo ungekuwa na athari kubwa nje ya uwanja wa chuo: magari yangejaa barabarani, kazi ya zimamoto ingeongezeka, na pangehitajika maji, mifereji na njia za kuondoa maji machafu. Ilikiri pia kwamba athari hizo zingeweza kupunguzwa kama Mamlaka ingepata fedha za kujenga yaliyohitajika. Lakini Wadhamini walikataa kuchangia sehemu yao. Walisema kwamba sheria hairuhusu chuo cha umma kutozwa malipo ya namna hiyo. Kwamba kazi hiyo ni ya Mamlaka, si yao. Basi kwa upande wao hatua hizo haziwezekani. Kisha wakatamka kwamba faida za chuo zazidi madhara yatakayobaki, wakaupitisha mpango. Mamlaka na mji wa Marina wakaenda mahakamani. Mahakama ya kwanza iliwapa haki, Mahakama ya Rufani ikawanyima, na tarehe 31 Julai 2006 Mahakama ya Juu ya California ikawarudishia.

Hoja za Mahakama, nikizieleza kwa maneno yangu mwenyewe, ni hizi. Kutozwa kwa nguvu ni jambo moja, na kuchangia kwa hiari ili kutimiza wajibu uliowekwa na sheria ya mazingira ni jambo jingine. Katazo la lile la kwanza halizuii hili la pili. Sheria ya jimbo hueleza mazingira kuwa ni hali ya vitu vilivyomo katika eneo litakaloathiriwa na mradi, wala haisemi kwamba eneo hilo huishia kwenye mpaka wa ardhi ya mwenye mradi. Na tamko la kwamba faida zazidi madhara halifai kutolewa hali hatua iwezekanayo imeachwa bila kufanywa. Mahakama iliongeza jambo moja ambalo kwa maoni yangu ndilo kiini. Wadhamini walikuwa na njia ya kuliomba Bunge la jimbo fedha za kuchangia. Bunge likizinyima, hapo ndipo uwezo usingekuwapo. Lakini mtu hawezi kudai kwamba hana uwezo kwa sababu hajaomba.

Sasa turejee kwenye Kiswahili.

Neno "mazingira" latokana na kitenzi "zinga", kwa njia ya "zingira", yaani kuzunguka pande zote. Wenyeji wa pwani walilitumia "zingira" kwa habari za vita pia: jeshi huuzingira mji. Kwa hiyo, kwa asili ya neno letu, mazingira ya chuo ni yale hasa yaliyo nje yake na kukizunguka. Dai la Wadhamini, kwamba wajibu wao huishia kwenye mpaka wa ardhi yao, lingekuwa gumu kulitamka kwa Kiswahili bila kujipinga. Walakini nawaonya wenzangu wasiitegemee mno hoja hii. Asili ya neno si maana yake ya leo, na mwanasheria yeyote hodari atatujibu kwamba sisi sote twasema "usafi wa mazingira ya nyumba" tukiwa na maana ya ua wa ndani.

"Athari" nalo lina historia yake. Katika Kiarabu ni alama iliyoachwa, kama unyayo wa mtu aliyepita. Katika Kiswahili limeelekea upande wa ila na madhara. Pengo hili si dogo. Mwandishi wa muhtasari akiandika "mradi una athari", msomaji wa kawaida husikia kwamba mradi una ubaya, hali mtaalamu alikusudia kusema tu kwamba utaacha alama, njema au mbaya. Heri kuandika waziwazi "madhara" panapohusu madhara, na "matokeo" panapohusu yote mawili.

Kuhusu "hatua za kupunguza", kanuni za California hutaja mambo matano chini ya istilahi moja: kuliepuka dhara kabisa kwa kuacha tendo fulani, kulifanya liwe dogo kwa kuufupisha mradi, kurekebisha kilichoharibiwa, kulipunguza kidogo kidogo kwa utunzaji wa muda wote wa mradi, na kufidia. Kiswahili kina vitenzi vyema kwa kila moja: epuka, fupisha, rekebisha, tunza, fidia. Tukiyatia yote katika "kupunguza" twampotezea mwananchi haki ya kuuliza ni lipi kati ya hayo aliloahidiwa. Kuna tofauti kubwa kati ya kisima kisichochafuliwa na kisima kilichofidiwa.

Nimefikia neno lililonifanya niandike. "Wezekana" ni la kundi la "onekana", "patikana" na "julikana". Ashton, katika sarufi yake ya mwaka 1944, alionyesha kwamba vitenzi vya kauli hii vyaeleza hali ya kitu, au uwezekano wa jambo, bila kumhusisha mtendaji. Twasema "kikombe kimevunjwa na mtoto", lakini hatusemi "kikombe kimevunjika na mtoto". Kila mzazi ajua kwa nini mtoto hupendelea "kimevunjika". Ndivyo ilivyo kwa "haiwezekani". Sentensi hiyo imekamilika kisarufi bila mtu yeyote ndani yake, wala haina nafasi ya kumtia mtu huyo ila kwa kuongeza "kwetu" au "kwa fulani", nyongeza ambayo mwandishi halazimiki kuiweka. Chini ya neno hilo moja zaweza kujificha sentensi tatu zilizo tofauti kabisa: hatuwezi, hatutaki, hatujaomba. Kazi ya Mahakama ya California ilikuwa kuzitenganisha. Wadhamini walisema la kwanza, nayo ikawaonyesha kwamba hali yao ilikuwa karibu zaidi na la tatu.

Sheria ya jimbo lile haikuliacha neno lake hivi hivi. Huliwekea vipimo: hatua huhesabiwa kuwa yawezekana ikiwa yaweza kufanywa na kufaulu katika muda wa kadiri, baada ya kupima mambo ya uchumi, mazingira, jamii na ufundi. Katika Kiswahili cha kila siku "wezekana" halina mipaka hiyo. Huanzia kwenye jambo gumu kidogo hadi kwenye muujiza. Kwa hiyo napendekeza "tekelezeka" mahali pake. Hili nalo ni la kauli ile ile isiyotaja mtendaji, sikatai. Lakini mzizi wake ni mwingine. Mtu huweza lolote, bali hutekeleza ahadi, amri au wajibu. Anayesoma "hatua hii haitekelezeki" huuliza mara moja: ni wajibu wa nani? Na pale ambapo mwandishi ajua jibu, afadhali aache istilahi kabisa aandike kwa nafsi ya wingi, "sisi wenye mradi hatutaifanya hatua hii kwa sababu...", kisha ataje sababu.

Limebaki jambo moja ambalo sijalipatia neno. Lile tamko la mwisho, ambalo kwalo mwenye mamlaka hukiri kwamba madhara yatabaki, naye aamua kuendelea kwa kuwa faida ni kubwa zaidi, limekuwa likitafsiriwa "tamko la manufaa makubwa". Tafsiri hiyo hutaja faida na kuyanyamazia madhara. Nimefikiri juu ya "tamko la madhara yaliyokubaliwa", lakini laelemea upande wa pili, kana kwamba watakaodhurika ndio waliokubali. Msomaji aliye na neno la pwani au la bara liwezalo kubeba pande zote mbili, naomba aliandikie jarida hili.